Wanaomba kalinzi, wanatoa bwasa



Ku mikutano yetu ya utamaduni kuna neno moja linalorudi kila mara: "Mila ni mambo ya kijijini. Kupanga nyumba ku etaje ni mambo ya muji, na pale mila haina la kusema." Ninalisikia kwa wazee, ninalisikia kwa vijana, na zaidi ninalisikia kwa wenye nyumba. Ninaandika kurasa hizi kwa kulipinga. Wazee wetu walijua vizuri kabisa kumupa mutu fasi ya kuishi ama ya kulima bila kumuuzia. Walikuwa na majina ya mapatano hayo, walikuwa na mashahidi, na walijua haki ya kila mutu. Wenye nyumba wa leo wamechukua kipande cha mila kinachowafaa, kile cha kupokea. Kile cha kutoa wamekiacha kijijini.

Namna nyumba moja inazaa kumi

Musomaji asiyejua Bukavu aelewe kwanza namna muji huu ulivyojengwa. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Costermansville. Wazungu walijijengea vila ku rasi zinazoingia mu ziwa Kivu, pale Nyalukemba, Muhumba na La Botte, na kando ya barabara kubwa tunayoita leo avenyu Patrice Lumumba. Mweusi aliwekwa Kadutu, na mu miaka ya 1950 Ofisi ya Makao ya Waafrika ikajenga Bagira. Vila moja ilikuwa ya familia moja: baba, mama, watoto, bustani mbele, na nyuma anekse ndogo ya boi. Maji, choo na nyaya za umeme, vyote vilipimwa kwa watu watano ama sita.

Halafu hesabu ilibadilika. Mwaka 1960 uhuru ulikuja. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilichukua mali za wageni wengi na kuzigawa. Toka mwaka 1996 vita vilifukuza watu Walungu, Kabare, Kalehe, Shabunda, Mwenga na Fizi, nao wakakimbilia muji. Nyuma ya vita wakaja watu wa mashirika ya misaada na wa Umoja wa Mataifa, wakitafuta nyumba ku ziwa, na wakilipa kwa dola. Askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024, lakini bei walizozikuta zikipanda, walituachia hapo juu.

Muji uliopimwa kwa watu wachache unabeba leo zaidi ya milioni moja. Basi vila ikapasuliwa. Saluni ikawa "apartema" ya kwanza, vyumba vya kulala vikawa ya pili, garaje ikaitwa "studio", varanda ikazibwa kwa matofali. Fasi ya bustani etaje ikasimama, na mara nyingi juu ya vila yenyewe wakaongeza etaje ya pili na ya tatu, ngazi ikapitishwa inje. Hata majengo ya ofisi na ya maduka ya zamani mu Ibanda, mwenye nayo akiona biashara imelala, anayakata kwa mbao na kuyapangisha kwa familia. Jengo lote linabaki na mita moja ya maji na mara nyingi mita moja ya umeme. Pampu ya REGIDESO haina nguvu ya kufika juu, basi mutoto wa shule anapandisha bidoni ya litre 20 ku ngazi asubuhi na jioni.

Sisemi kama ni vibaya kugawanya nyumba. Watu ni wengi, udongo ni kidogo, milima inateleza. Mutu anayekata vila yake vipande kumi anapatia familia kumi paa juu ya kichwa. Ubishi wangu hauko na matofali. Uko na mapatano.

Kalinzi na bwasa

Tuingie sasa mu mila yenyewe. Ninachukua mufano wa Bushi, kwa sababu Bukavu imelala juu ya udongo wa Bushi, na kwa sababu maneno hayo mawili yanajulikana na wote hapa.

La kwanza ni kalinzi. Mutu aliyetaka udongo wa kukaa alienda kwa mwami ama kwa mukubwa wa kilima, akatoa ng'ombe, ama mbuzi na pombe, kufuatana na ukubwa wa fasi. Alitoa mbele ya watu. Toka siku ile alikuwa na haki ya kujenga, ya kupanda migomba, ya kuzika watu wake pale, na ya kuachia mutoto wake. Aliendelea kumuheshimu aliyemupa, na kumufanyia kazi fulani. Lakini hakuweza kufukuzwa kwa sababu tu mwengine amekuja na ng'ombe munono zaidi. Kalinzi ilikuwa nzito, na uzito wake ulinunua usalama.

La pili ni bwasa. Hapo mutu aliazima shamba kwa musimu mumoja ama miwili. Alilipa kidogo, ama alilipa kwa siku za kazi mu shamba la mwenye udongo. Alipanda maharagwe, mihogo kidogo, viazi. Migomba alikatazwa, kwa sababu mugomba ni alama ya mutu anayebaki. Musimu ukiisha, mwenye udongo aliweza kurudisha shamba lake. Bwasa ilikuwa nyepesi, na kwa sababu ilikuwa nyepesi haikuahidi kitu kirefu.

Angalia hekima iliyo ndani: anayeomba kikubwa anatoa kikubwa, anayeomba kidogo anatoa kidogo. Mizani inasimama sawa. Hakuna muzee wa Bushi aliyeweza kupokea ng'ombe ya kalinzi na kesho kumwambia mutu: "Migomba hapana, na musimu ukiisha utatoka." Angeitwa mwizi mbele ya kilima kizima.

Basi sasa tupande ku etaje.

Hesabu ya darasani

Tufanye hesabu kama mu darasa. Apartema ya vyumba viwili, kodi dola 100 kwa mwezi. Ninachukua 100 ili hesabu iwe rahisi. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi 10. Dola 1,000. Komisionere aliyekuonyesha mulango anataka mwezi wake. Dola 100. Kwa wengi kodi ya mwezi wa kwanza inalipwa mbali. Dola 100 tena. Mbele ya kulala usiku mumoja ndani, umetosha dola 1,200. Mushahara wa wengi wetu unalipwa kwa franga, kodi inadaiwa kwa dola, na franga ikianguka, ni mupangaji peke yake anayeanguka nayo.

Kwa dola 1,200, ndugu zangu, kijijini mutu anaongea habari ya ng'ombe. Hii ni kalinzi, kwa uzito wake. Na inanunua nini? Usipigilie musumari ku ukuta. Usipake rangi yako. Usilete mama yako mugonjwa akae miezi mitatu. Kodi inaweza kupanda baada ya miezi sita, kwa neno la mudomo, ku ngazi. Na mwenye nyumba akipata mupangaji mwengine mwenye mufuko murefu, "mutoto wangu anarudi kutoka Ulaya, ninahitaji nyumba". Mutoto huyo wa Ulaya amerudi mara nyingi sana Bukavu. Kama angekuwa anafika kweli, ndege zisingetosha. Haki anayopewa mupangaji ni ya bwasa. Hata migomba yake, ni kusema musumari wa kutundikia picha ya ndoa, imekatazwa.

Wanaomba kalinzi, wanatoa bwasa. Hapo ndipo mizani imevunjika, na hakuna mila yoyote inayowaunga mukono.

Na garanti yenyewe? Jina lake linasema: ni amana, ni ya kurudishwa. Lakini mwalimu mwenzangu alipohama, aliambiwa kwamba rangi imechakaa, kitasa kimelegea, na kwamba garanti "imekulwa na nyumba". Nyumba haina kinywa. Aliyekula anajulikana.

Sheria na mila zinapatana

Wengine watasema: "Bwana mwalimu, wewe unaleta mambo ya bami wa zamani, sisi tunafuata sheria ya Serikali." Muzuri. Tuifuate. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupanga nyumba, inasema garanti ya nyumba ya kukaa haiwezi kupita miezi 3. Mitatu. Ni nani mu Ibanda anayeiheshimu? Waulize komisionere wanaosimama pale Feu Rouge na Nyawera. Watakucheka. "Kama hautaki, acha, wengine wako nyuma yako."

Kuna sheria ingine ya zamani zaidi, na hii ninaomba wenye nyumba waisome pole pole. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake, na hauuzwi. Raia anapewa konsesio, ni kusema ruhusa ya kutumia udongo, hata kama ruhusa hiyo ni ya daima. Kuta ni zako, mabati ni yako. Lakini udongo chini ya kuta umeupata kwa mapatano, kama mutu wa kalinzi alivyoupata kwa mwami. Na wewe uliyepewa kwa mapatano ya daima, unamunyima mwenzako mapatano ya mwaka mumoja? Yule anayesema "hapa ni kwangu, ninafanya vile ninavyotaka" amesimama juu ya ruhusa ya mwengine.

Kwa hiyo tusidanganywe na wanaosema mila na sheria zinapigana. Ku jambo hili zinasema neno moja: anayepokea anafungwa na kile alichopokea.

"Hapa hatutake vilio"

Nifike sasa ku jambo linalouma zaidi, na ambalo lingepaswa kushugulisha chama cha utamaduni kuliko ngoma na mavazi.

Ku majengo mengi ya katikati ya muji kuna mashariti ambayo hayaandikwi, yanasemwa tu siku ya kupokea ufunguo: hapana wageni wengi, hapana kutwanga, hapana kilio. Mutu akifiwa, anaambiwa apeleke kilio fasi ingine. Fasi gani? Kwa shemeji yake kule Panzi, ama Kadutu, ama mu lupango lwa kanisa ikipatikana. Nimeenda ku kilio ambapo mujane hakukaa siku hata moja mu nyumba alimoishi na mume wake, kwa sababu mwenye etaje alisema viti na moto wa usiku vitachafua luwa. Kwetu, watu wanakuja kukaa na mujane pale mume alipolala na kuamka. Wanakaa chini, wanawasha moto, wanaongea habari za marehemu mpaka asubuhi. Ukimutosha mujane mu nyumba yake siku ile, umemuzika naye.

Na mahari je? Familia ya kijana inakuja na wazee wake kumi na tano, kasiksi ndani ya bidoni, msemaji wao mbele. Watapita wapi, kama gardien ameambiwa kuruhusu wageni wawili? Hapo watu wanakodi sale. Sale ni feza. Kijana anakopa, ndoa inaanza na deni, halafu tunakuja ku mikutano kulia eti vijana wanaacha mila. Vijana hawakuiacha. Waliifungia inje ya mulango.

Ku mambo mengine mwenye nyumba ana haki, na ubishi usio na haki ni makelele tu. Mbabula ya makala ndani ya chumba kisicho na dirisha ni hatari, na Bukavu inajua moto: mitaa ya Kadutu na ya Ibanda imeungua mara nyingi. Kutwanga sombe ku etaje ya tatu kunatikisa dari la jirani. Lakini nani aliyeongeza etaje ya tatu juu ya kuta za 1950? Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Yenga, udongo ulitikisika hapa, nyumba zikapasuka na watu wakakufa. Na baada ya hapo bado tumeendelea kupandisha etaje juu ya etaje. Kama kinu cha mama mumoja kinaweza kuhatarisha jengo, basi kinu si yenye makosa. Afazali mwenye nyumba atoe fasi chini, hata upenu mudogo wa mabati, ambapo wapangaji watatwanga, watapikia makala, na watakalia kilio. Fasi hiyo inagharimu kidogo kuliko choo kimoja.

Malalamiko ya wenye nyumba

Ninawasikia. "Wewe haujui wapangaji. Wanakaa miezi minane bila kulipa, wanakimbia usiku, wanaacha deni la SNEL. Ukienda ku tribinali, unamaliza miaka. Saruji ni bei kali. Garanti ndiyo silaha yetu."

Ni kweli, wapangaji wabaya wako. Lakini dawa ya mupangaji mubaya si kumukamua yule muzuri. Yule anayekusudia kukimbia, garanti ya miezi 10 haimuzuii: ataikula yote ndani ya nyumba, mwezi kwa mwezi, na ataondoka. Anayeumia ni yule anayelipa kila tarehe 5, kwa sababu feza yake imelala kwako bila faida, na siku ya kuhama anahitaji garanti ingine mbele ya kurudishiwa ile ya kwanza. Kwa hiyo hahami. Anabaki mu fasi mubaya kwa sababu ya kukosa feza yake mwenyewe.

Na tuseme kweli juu ya mwaka 2025. Mwezi wa pili M23 waliingia Bukavu. Mabenki yalifunga milango, mishahara ikakosa njia, watu wengi wakakimbia na mutumba mumoja ku kichwa. Ninawajua wenye nyumba waliosema: "Tungoje, hii ni ya wote." Ninawajua pia waliofunga kufuli ku milango ya watu waliokimbia, wakauza vitu vyao kwa ajili ya mwezi mumoja ama miwili. Wa kwanza hawakufungua kitabu cha mila wala cha sheria. Walikumbuka tu kwamba aliyekupa ng'ombe yake ni mutu wako, na mutu wako unamungoja.

Mila yetu nayo si malaika

Ili musiseme ninapaka mila asali, niongeze hili. Kalinzi ilimufunga mukulima kwa mukubwa wake. Wengine walifanyishwa kazi mpaka mugongo kupindika. Bwasa ilikuwa njia ya mwenye mashamba mengi kumulisha kidogo asiyekuwa na kitu. Mwanamuke hakutoa kalinzi kwa jina lake. Alipita kwa baba, kwa mume ama kwa mutoto wa kiume. Hiyo sehemu sitaki irudi. Na ninaona kwa huzuni kwamba ndiyo sehemu iliyofika muji salama: mpaka leo, mujane ama musichana mwenye kazi yake akitafuta apartema, anaulizwa "bwana yako iko wapi?" mbele ya kuulizwa kama ana feza. Tulisafirisha mizigo mubaya ya mila, tukaacha mizuri ku barabara.

Kazi ya mila ndiyo hiyo: kuchagua. Chama cha utamaduni kisichochagua kinakuwa kabati ya vitu vya zamani.

Ninachoomba

Kwanza, mapatano yaandikwe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi wawili wa kila upande na mukubwa wa avenyu. Wazee hawakuwa na karatasi, lakini hakuna aliyetoa ng'ombe bila mashahidi. Sisi tuko na karatasi na hatuko na mashahidi.

Pili, garanti isipite miezi 3, kama sheria inavyosema. Na mwenye nyumba anayetaka zaidi, basi atoe zaidi: miaka mitatu bila kupandisha kodi, na ruhusa ya kupanda "migomba", ni kusema kupaka rangi, kupigilia, kupokea wazazi. Mizani isimame sawa.

Tatu, siku ya kuingia, watu wawili wazunguke nyumba pamoja na kuandika kila ufa na kila kitasa. Siku ya kutoka wasome karatasi ile ile.

Nne, kila etaje ya wapangaji iwe na fasi moja ya wote kwa ajili ya kilio na kupokea wageni wa ndoa. Chama chetu kiende kuyasema hayo ku meri na ku komini, kisingoje siku ya utamaduni kwa kucheza.

Wazee walisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Wenye nyumba wanapenda kuturudishia neno hilo, eti mupangaji afanye kazi, alipe, anyamaze. Wanasahau kwamba jembe halilimi hewani. Aliyempa mugeni jembe alimuonyesha pia shamba. Sisi wapangaji wa Bukavu jembe tumelishika toka zamani, na kodi tunalipa. Mutuonyeshe shamba.